Togwa Chini ya Barafu

Jumanne, tarehe kumi na saba Januari, mwaka 2073, saa nne na dakika kumi asubuhi: hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa ukimuuliza mtu mwingine yeyote wa Kituo cha Ziwa Tisa atakwambia hiyo ndiyo siku waliyokumbatiana. Watu walipanda juu ya meza za bwalo. Mpishi aligonga sufuria kwa mwiko. Mkuu wa kituo, Bwana Rweyongeza, ambaye tangu wafike Antaktika hakuna aliyewahi kuyaona meno yake, alicheka mpaka akavua miwani na kuifuta kwa tai.

Elikana Kitundu alisimama karibu na mlango, kofia mkononi, grisi mpaka kwenye viwiko. Yeye ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa uchimbaji. Mtambo uliotoboa barafu na kushusha bomba mpaka kwenye tope la chini ya ziwa aliujua kama mtu anavyolijua jino lake bovu. Alikuwa na miaka sitini na moja, shule aliiacha darasa la tano, na nyuma yake kulikuwa na visima mia mbili na kumi na vinne, vyote katika nchi kavu ya Itigi na Manyoni. Ripoti za kituo hakuweza kuzisoma. Lakini chuma kikigusa jiwe mita mia chini ya ardhi, alikuwa anajua kwa nyayo za miguu.

Dokta Zuwena Kombo, mwanamke mwembamba wa Pemba aliyesimamia maabara, aliwaomba watulie. Akaeleza kwa maneno ya watu wote, na kwa hilo Kitundu alimpenda. Kila kiumbe, alisema, kinadondosha vipande vyake popote kinapopita: kuvu, mdudu, jani, mtu. Ziwa linavipokea, tope linavifunika, baridi inavitunza. Ndani ya vipande hivyo kuna vinasaba, na vinasaba ni kama jina na ukoo wa mwenye navyo. Mashine ya kwanza ya maabara, waliyoiita Msomaji, husoma tope na kutaja majina. Mashine ya pili, Mfumaji, huchukua jina na kulifuma upya mpaka liwe kiumbe. Kwa wiki sita walikuwa wamesoma aina elfu tatu na ushee za kuvu, nyingi hazijawahi kuonwa na binadamu. Nambari 417 ndiyo iliyowapandisha watu juu ya meza. Ilikuwa imewekwa kwenye kisahani kimoja na ukungu wa pumzi fupi, ule unaoota ndani ya mapafu, ule ambao kwa miaka tisa hakuna dawa iliyouweza. Kwa siku mbili 417 ilikuwa imeula wote.

Zuwena akapitisha kisahani, kimefunikwa utando wenye matundu madogo. Hakina madhara, alisema, nuseni. Mmoja akasema mkate. Mwingine akasema embe changa. Mpishi akaapa kwamba ni pombe ya ndizi. Kisahani kikafika mlangoni.

Kitundu akanusa.

Ilikuwa jikoni kwake. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, uwele uliochipua umeanikwa juu ya mkeka, chekecheke ukutani, na Perusi amempa mgongo akikoroga. Hakukuwa na kukosea. Mwanamume anaweza kusahau sauti ya mkewe, na yeye alikwisha kuanza kuisahau, lakini harufu hiyo alikuwa ameivaa kwenye nguo miaka thelathini.

Alimrudishia Zuwena kisahani kwa mikono miwili, kama anayerudisha mtoto wa watu. Kisha akatoka nje bila glavu.

*

Kilikuwa kijiko kimoja tu.

Tarehe tatu Desemba, barafu ya mita tatu na nusu ilipotoboka na maji meusi yakaonekana, Kitundu aliwaomba wenzake wampishe akague ukingo. Akachutama. Akatoa chupa ndogo kifuani, akamimina kijiko kimoja cha togwa, uji wa uwele uliochachuka, ndani ya shimo, kimyakimya. Marehemu Gwao, fundi aliyemfundisha kazi, hakuwahi kutia chuma ardhini kabla ya kuionjesha. Hakuiita dua wala uganga. Alisema ni adabu, kama kupiga hodi. Kitundu alifanya hivyo kwenye visima vyote mia mbili na kumi na vinne, na togwa ya kila kisima aliikoroga Perusi. Kwenye kisima cha mia mbili na kumi na tano mkono ulijiendea wenyewe. Hakuwaza. Karatasi ya masharti ya usafi, kurasa arobaini, alikuwa ameitia dole gumba Dar es Salaam bila kusomewa, na kwa hilo aliwalaumu wakubwa.

Wakubwa aliwalaumu kwa kila kitu. Bomba la maji likipasuka kwa baridi, ni wakubwa. Supu ikipoa, wakubwa. Wenzake walikwisha kuzoea, wakawa wanamkamilishia sentensi.

Lakini sababu ya kwanza hakuna aliyeijua. Mwaka 2064, pumzi fupi ilipoingia Itigi, walikohoa jirani wa kulia, wakakohoa jirani wa kushoto, na kwa Kitundu hakukohoa mtu. Hakuna aliyejiuliza. Mwaka 2069 Baraza la Hewa Safi likatoa Agizo Namba Sita: kitu chochote kinachochachushwa nyumbani, iwe togwa, pombe au maziwa, ndicho kinachofuga ukungu wa kifo. Wakaja watu wa mavazi meupe na mapipa ya mafuta. Kwa Perusi walichoma mitungi saba na vibuyu viwili. Yeye alisimama amefumbata mikono, akitazama kama mtu anayesubiri wageni wamalize kula waondoke. Miezi minne baadaye alianza kukohoa.

Kilichobaki ni kopo moja. Lilikuwa kwenye gari la mtambo, kopo la zamani la grisi, ndani yake machicha ya mbegu ya kuchachushia, ambayo Perusi alikuwa akiikorogea togwa ya visima. Watu wa mavazi meupe hawakufungua makopo ya grisi. Na Perusi alijua lipo. Siku ya sita ya kulala kwake alimwambia Kitundu, kwa zile pumzi za kuazima, amkorogee kikombe kimoja.

Kitundu alikataa. Alimwambia wamesema hiyo ndiyo inayoua. Akamchemshia maji ya tangawizi.

Siku ya kumi na moja walimzika.

Kopo hakulitupa, na kwa nini hakulitupa hajui. Kila wiki alililisha konzi ya unga wa uwele na maji ya uvuguvugu. Lilivuka naye bahari limeandikwa grisi, likalala chini ya kitanda chake kusini mwa dunia. Na sasa kisahani cha Zuwena kilikuwa kinamwambia jambo ambalo mtu hawezi kulisikia akiwa ameketi. Ndiyo maana hakuketi. Januari huko jua halizami, linazunguka mbinguni kama mbuzi aliyefungwa kambani, na Kitundu alizunguka nalo: kutoka bwaloni mpaka kwenye hema la mtambo, kutoka hemani mpaka kwenye matangi, na kurudi.

Ambakisye, mwendesha winchi, kijana wa Tukuyu asiyejua kunyamaza, alimkuta anakaza nati ileile kwa mara ya nne.

“Mzee, hiyo nati ukiikaza tena itazaa.”

Kitundu hakucheka. Ambakisye akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema kwa sauti nyingine kwamba siku ile ya kwanza alimwona. Alidhani mzee anaipa barafu uji. Hakumwambia mtu, na hatamwambia mtu.

“Kaa kimya hivyohivyo,” Kitundu alisema, akaihamia nati ya pili.

*

Zuwena alikuja kesho yake, peke yake, na bomba la glasi mfukoni. Ndani ya bomba kulikuwa na tope la mita ya nne, lililotoka zima kama mche wa sabuni. Hakuanza na maswali. Alimwonyesha mistari ya rangi: huu mweusi ni mwaka wa joto, huu wa kijivu ni wa baridi, na mpaka hapa chini ni miaka elfu nane. Alisema vinasaba vya miaka elfu nane vinakuwa vimekatikakatika, kama ukili wa mkeka uliooza. Msomaji huokota kipande hapa, kipande pale, akivilinganisha. Ndivyo zilivyo zile aina elfu tatu zote. Isipokuwa 417. Nyuzi za 417 ni ndefu, zimenyooka, mkeka umenunuliwa jana. Tena ipo kwenye kila bomba, mita ya kwanza mpaka ya mwisho, sawasawa. Kitu cha ziwani hakikai hivyo. Kinachokaa hivyo ni kitu kilichoshuka na chuma.

“Baba,” alisema, “kwenye lile shimo kulitiwa nini?”

Kama angekuwa Rweyongeza, Kitundu angebisha mpaka Februari. Lakini huyu alikuwa amemwita baba, na macho yake yalikuwa mekundu ya kukosa usingizi, na hakuja na karatasi. Akamwambia. Alimwambia kijiko, akamwambia Gwao, akamwambia mitungi saba na kopo lililobaki. La kikombe hakumwambia.

Zuwena hakumkaripia. Aliketi kwenye ile ndoo ya Ambakisye, akauliza kama ile mbegu bado ipo hai. Kitundu alipoitikia kwa kichwa, Zuwena alijishika paji la uso. Ndipo alipomweleza ambacho bwaloni hakikusemwa: ile 417 iliyofumwa na mashine haizai. Inakula ukungu siku mbili, ya tatu inakufa. Huenda nyumbani inaishi na wenzake, vijidudu vya maziwa na vya nafaka, na Mfumaji hajui kufuma ujirani. Dawa ya kwenye kisahani wanayo. Dawa ya watu hawana. Ya watu iko kwenye kopo.

“Mama yangu yuko kwenye mtungi wa hewa, Pemba,” aliongeza akiwa anatazama tope. “Wiki ya tatu.”

Kitundu alikwenda chumbani kwake, akainama, akalivuta kopo. Alikuwa amewahi kuota mara nyingi kwamba siku moja wakubwa watalihitaji, na katika ndoto hizo aliwaacha wapige magoti mpaka magoti yachubuke. Aliyesimama mlangoni hakuwa mkubwa. Alimpa kopo lote, na kile kimfuko cha unga wa uwele, akamwonyesha kwa mkono kipimo cha konzi. Akamwambia maji yasiwe ya moto, yawe kama ya kumwogesha mtoto.

*

Alhamisi, Rweyongeza alimwita ofisini. Alikuwa mtu wa Bukoba, mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi, akamkaribisha kahawa, akamwita mzee wangu. Zuwena alikwisha kumweleza yote, kwa sababu Zuwena hajui kuficha. Rweyongeza hakugombeza pia. Hilo lilimtia Kitundu wasiwasi kuliko kama angegombezwa.

Hoja yake ilikuwa hivi. Kesho saa tano asubuhi Baraza lote litakuwa kwenye mtandao kuidhinisha. Kibali cha dharura kilishatolewa zamani, nacho kinasema viumbe vya Ziwa Tisa: kitu kikitoka ziwani, wiki ijayo kinaweza kuingia kwenye mapafu ya mgonjwa. Lakini kitu kikitoka kwenye mtungi wa nyumbani, hicho ni cha Agizo Namba Sita. Ni haramu. Hakimgusi mgonjwa mpaka Agizo lifutwe, na Agizo halifutwi mpaka Baraza liunde kamati, kamati iandike, na mtu fulani akubali kwa maandishi kwamba walikosea. Miezi mitano, kama hakuna uchaguzi. Na kila siku pumzi fupi inaondoka na watu mia tatu.

“Zidisha mwenyewe, mzee wangu.”

Kitundu alizidisha. Kuzidisha alikujua. Ilitoka idadi ambayo hakutaka kuisema kwa mdomo.

Utaratibu ulidai kwamba kabla ya kura, fundi mkuu wa uchimbaji asimame mbele ya kamera na kutamka kwa sauti yake: shimo lilikuwa safi. Maneno matatu. Kopo limeshapokewa, Zuwena ataotesha, watu watapona, na kitakachoandikwa ni kwamba dawa ilipatikana kwenye tope la Ziwa Tisa. Kitundu akauliza, na Perusi? Rweyongeza akasema hayo yatakuja kuelezwa baadaye, mambo yakitulia. Kitundu alizifahamu hizo “baadaye” za wakubwa. Alikwisha kuzingoja barabarani, zahanati na ofisini, na hakuna hata moja aliyoiona ikifika.

Lakini wale mia tatu. Huyu Rweyongeza hakuwa anadanganya kuhusu wale mia tatu.

Alitoka nje. Akalizunguka jengo, akalizunguka tena. Upepo ulikuwa unamkata masikio na hakuvuta kofia. Alijiambia kwamba ni maneno matatu tu, kwamba marehemu hahitaji kusifiwa, kwamba kama angekuwa Perusi ndiye yuko kwenye mtungi wa hewa leo, angeapa hata kwamba togwa imetoka mwezini. Kisha alijiambia kwamba wataandika ziwa, watajipongeza, na waliochoma watabaki kuwa watu waliofanya vema. Kila alilojiambia lilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomkosesha pa kukaa.

Alikwenda maabara. Zuwena alikuwa ameligawa kopo kwenye visahani sitini, na harufu ilikuwa nzito kiasi kwamba Kitundu alisimama mlangoni kwanza. Alimuuliza yeye angetaka nini. Zuwena alijibu polepole.

“Mimi ni mtoto wa yule mgonjwa, na mimi ni mtu wa maabara. Mmoja wetu anataka useme shimo lilikuwa safi. Usiniulize yupi, baba, kwa sababu tunapokezana.”

Aliyemtoa kwenye mzunguko ni Ambakisye, tena bila kujua. Walikuwa wanapakia mabomba, na kijana anabwabwaja kama kawaida yake, akafika kwenye habari za nyumbani. Mama yake amemwandikia kwamba wale wa mavazi meupe wamefika tena Tukuyu. Wamechoma kwa jirani, na jirani mwenyewe wamempandisha gari, anashtakiwa. Kwa mama yake hawakuona kitu, maana kimea chake cha togwa anakificha darini, ndani ya redio mbovu. Ambakisye alikuwa anacheka. Kitundu akamuuliza, kwenu mko wangapi? Kumi na mmoja. Na kwa jirani? Nao wengi. Nani amekohoa?

Ambakisye aliacha bomba. Alifikiri, akahesabu kwa vidole, akaanza upya.

“Kwetu hakuna,” alisema. “Kwa jirani hakukuwa na mtu. Tangu juzi ndiyo wameanza.”

Basi yalikuwepo makopo mengine. Yalikuwepo darini, mashimoni, kwenye redio mbovu, kwa wanawake wasiojulikana idadi, na kila asubuhi mtu wa mavazi meupe alikuwa anajaza pipa lake la mafuta. Ziwa likipewa jina la dawa, Agizo linabaki. Dawa itakuja kwenye vifuko vya Baraza kwa atakayefikiwa, na mitungi itaendelea kuchomwa kwa asiyefikiwa. Kitundu alikaa chini, juu ya mabomba, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Hesabu ya Rweyongeza ilikuwa na upande wa pili, na upande huo hakuna aliyejua kuuzidisha.

*

Ijumaa, saa tano, bwalo lilijaa. Kwenye skrini kubwa walionekana wajumbe tisa wa Baraza wameketi mbele ya chupa za maji, na katikati Mwenyekiti wao, mzee mwenye sauti laini ya mtu aliyezoea kusubiriwa. Picha ilikuwa inachelewa. Ukisema neno huku, sekunde nne ndipo linafika kwao. Zuwena alisoma taarifa yake, na alipofika kwenye asili ya 417 alisema kwamba kwa hilo atamwachia fundi mkuu. Rweyongeza alimgeukia Kitundu, akamwinamishia kichwa kidogo kumtia moyo.

Kitundu alisimama mbele ya kamera. Alikuwa amenawa mikono mara tatu na grisi ilikuwa bado kwenye kucha.

Akasema shimo halikuwa safi.

Zikapita sekunde nne, na nyuso tisa zikabadilika pamoja. Hakuwapa nafasi. Aliwaambia kijiko, na akaomba radhi kwa ajili ya ziwa, maana ziwa halikumkosea mtu. Aliwaambia kopo liko wapi na linalishwaje. Akawaambia yuko mama mmoja Tukuyu ambaye hatamtaja jina, na wako wengine kama yeye, wawatafute, wawaulize nani anakohoa nyumbani kwao, ila waende bila mafuta. Alisema anajua kwamba wameandika sheria ya kujizuia wenyewe, na wagonjwa mia tatu kila siku wako upande wa pili wa sheria hiyo. Walioifunga ni wao. Waifungue leo, hapohapo walipokaa, kabla maji ya kwenye chupa hayajaisha.

Mwenyekiti alimuuliza Zuwena kama maneno haya ni ya kweli. Watu wote bwaloni walijua habari za mama yake. Zuwena alisimama, akaweka mkono juu ya meza kama anayetafuta ukingo wake.

“Ni ya kweli,” alisema. “Nyuzi ni za jana. Niliziona Jumatano.”

Rweyongeza alikuwa ameinamia viatu vyake. Kule kwenye skrini wajumbe walisemezana, midomo inakwenda na sauti imezimwa. Iliporudi, Mwenyekiti alisema kwamba Baraza limepokea, kwamba jambo ni zito, kwamba litaangaliwa kwa uzito wake. Kisha, kwa upole, kama anavyosemeshwa mfiwa, akamwambia Mzee Kitundu kwamba amefanya jambo la kiungwana, na kama kuna kitu anachoomba, Baraza linamsikiliza. Huenda alitegemea kuombwa jina la mke liwekwe kwenye dawa. Huenda nauli.

Kitundu alikuwa na maneno mengi ya wakubwa, aliyoyakusanya kwa miaka minne. Aliyatafuta, hakuyaona.

“Mke wangu aliniomba kikombe kimoja,” alisema. “Nilikuwa nacho. Nikamnyima, kwa sababu ninyi mlisema inaua. Mimi sikupima. Mimi ni fundi wa visima, sina cha kupimia. Naomba kujua kitu kimoja tu. Siku mlipoamua kuichoma mitungi, kuna mtu yeyote kwenu aliyekuwa ameupima hata mmoja?”

Moja. Mbili. Tatu. Nne. Swali lilikuwa limefika. Walimwona Mwenyekiti akilipokea, akavua miwani, akamtazama wa kulia kwake. Wa kulia akamtazama anayemfuata. Mwanamke wa mwisho mezani alifungua faili, akageuza kurasa mbili, akalifunga. Kitundu alisubiri akiwa ameshika kofia. Alikuwa analiogopa jibu kwa pande zote. Kama walipima, waliua kwa makusudi. Kama hawakupima, basi yeye alimnyima Perusi kikombe kwa kuwatii watu waliokuwa hawajui lolote, na hapo mwenye kulaumiwa anaongezeka mmoja, naye yuko karibu sana.

Zikapita sekunde nyingine, ambazo hazikuwa za kucheleweshwa na mtambo. Ambakisye alisogea nyuma yake, akamnong'oneza kwamba labda mawimbi yamekatika, mzee, labda hawakusikia.

Kitundu akasogea karibu zaidi na kamera, akasema taratibu, neno kwa neno, ili hata kama mawimbi ni mabovu lisiwepo la kupotea:

“Kabla ya kuwasha moto, nani alipima?”